Hakuna Aliyenishuku

Jumatatu, 8 Septemba

Habari mbaya kabla ya chai! Daktari Akoth ametuita mimi na Tobias ofisini kwake, akafunga mlango. Mradi umepunguziwa bajeti. Mikataba yetu yote miwili inaisha mwisho wa mwezi, hilo tulilijua tangu Julai, lakini sasa ni mmoja tu utakaoendelea. Mmoja wetu abaki, mwingine aende nyumbani.

Nilimtazama Tobias. Akanitazama, akatabasamu. Tabasamu la mtu aliyekwisha kukata tamaa. Mimi huwa sikosei nyuso za watu.

Niandike kidogo kuhusu kazi, ili wajukuu zangu wakisoma wajue babu yao Junaid Musau alikuwa nani. Ofisi iko Ruiru, ghorofa ya pili, juu ya duka la chakula cha mifugo. Tunafundisha mashine. Mashine yenyewe inajua kuandika barua, kupiga hesabu, hata kutunga mashairi. Inachoshindwa ni kujua kilicho kichwani mwa mtu. Mgeni akikaribishwa chakula akasema ameshiba, mashine inaamini ameshiba! Mtu akisema kwa simu yuko Juja, mashine inaamini yuko Juja, na hali kila mtu kuanzia Thika mpaka Ruiru anajua huyo bado anatafuta soksi. Basi sisi tunaiandikia hadithi fupi za watu wa hapa kwetu, halafu tunaiuliza. Nani anajua nini? Nani anadhani nani anajua nini? Ikikosea tunaisahihisha. Ofisini tunaiita Mwanafunzi.

Daktari Akoth anafundisha chuo kikuu, anaishi Kahawa Sukari, na amechunguza akili za kila namna. Watoto wadogo, kwa mfano. Anasema mtoto wa miaka mitatu hudhani anachokijua yeye, dunia nzima inakijua. Hata ndege. Yuko wa ukoo wa kunguru ambaye akificha chakula huku mwenzake anamtazama, husubiri mwenzake aondoke, kisha akakihamisha. Daktari anasema ukishaelewa akili hizi zinafika wapi na zinakwama wapi, utajua Mwanafunzi naye anakwamia wapi. Mimi sikuhitaji masomo hayo yote. Nilizaliwa nikijua watu wanawaza nini.

Sasa shindano. Ijumaa baada ya swala, kila mmoja alete hadithi moja mpya. Itasomwa mbele ya watu watano wa jengo letu. Hao watano waielewe bila shida, na Mwanafunzi imshinde. Mwenye hadithi kama hiyo ndiye anayebaki.

Lazima niwe mimi. Lazima! Jumapili Mjomba Sele anapeleka barua ya posa kwa kina Ruqayya. Barua iko tayari, kwa mwandiko safi kabisa, na mstari wa tano unasema nina kazi ya kudumu. Ruqayya hajui lolote kuhusu mkataba. Nimemficha vizuri tangu Julai.

Tobias ni mtu mpole wa Siaya, mwimbaji wa kwaya, anafuga sungura. Hana hila hata moja mwilini. Karibu nimwonee huruma.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango wa kwanza. Hadithi nzuri inatoka kwa watu wasiojua wanasikilizwa. Leo asubuhi Mama alikuwa anamtarajia Bi Kulthum, shangazi yake Ruqayya, aje wapange mambo ya Jumapili. Nikampigia Daktari simu kutoka sebuleni kwetu hapa Majengo, Thika, nikamwambia niko Juja, kuna jam mbaya. Akasema sawa Junaid, ukifika umefika. Ameamini!

Kisha nikajilaza kwenye kochi, nikajifanya nimelala. Wanawake wawili, mwanamume hasikii. Wataropoka kila kitu.

Wakaingia. Nikakoroma mara mbili ili kupamba. Bi Kulthum akaanza kusema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotarajia, kwamba kijana wanayempenda wao ni yule anayemtengenezea mama yake bomba bila kuombwa. Mama naye, kwa sauti kubwa vilevile, akasema bomba la jikoni linavuja tangu Ramadhani. Nikakoroma mara ya tatu. Bi Kulthum akasema Mungu anajua wanaolala na wanaokoroma tu. Sijui alimaanisha nini. Wazee wana misemo yao.

Halafu Mama akaweka sinia ya chai juu ya miguu yangu. Eti meza imejaa. Meza haikuwa na kitu! Nikavumilia saa nzima, birika likinichoma goti, wao wakizungumza bei ya vitunguu. Hakuna hadithi hata moja.

Walipotoka nje kusindikizana niliamka nikatengeneza bomba. Hakuna aliyeniomba. Wazo lilinijia tu lenyewe.

Nikafika Ruiru saa sita, mkutano wa saa tatu ndio kwanza unaanza. Hii ndiyo bahati yangu siku zote: mikutano ninayochelewa na yenyewe huchelewa. Tobias alinionyesha ujumbe wake, nao unasema saa sita. Wa kwangu unasema saa tatu. Makosa ya kuandika haya, inabidi Daktari awe mwangalifu.

La muhimu zaidi! Tobias alikuwa anaandika kwenye daftari la kijani. Aliponiona akalifunga. Hadithi yake imo humo, na lazima niione.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango wa pili, na huu ni wa kitaalamu. Kwetu hapa mtu haumwi peke yake. Sema tu unaumwa, na kabla ya jioni nyumba imejaa ndizi. Tobias na huruma yake hawezi kukosa kuja. Na daftari la kijani haliachi hata akienda kununua mahindi ya kuchoma.

Asubuhi nikampigia kwa sauti ya kufa. Tumbo, nikasema. Tumbo linakata. Nikasikia kama kuna mtu anaziba mdomo. Kisha Tobias akasema, "Woi, pole sana omera, ndugu yangu. Leo jioni tutakuja kukuona. Na daftari langu nitabeba, nisikae bure."

Sikumwuliza habari za daftari! Amejitajia mwenyewe. Watu wema ni rahisi sana.

Mama akaniuliza naumwa kweli. Nikasema kweli. Akaniuliza mara ya pili, nikaapa. Akasema basi baba, pole, na akaenda nyuma kuchuma mwarobaini. Akachemsha sufuria nzima. Vikombe vitatu! Nilidhani kimoja kinatosha lakini Mama alisema ugonjwa wangu ni wa aina inayohitaji vitatu. Kisha akapika chapati na nyama ya mbuzi ya mchuzi mzito. Mgonjwa akapewa uji bila sukari.

Saa kumi na moja Tobias akaingia na Aoko, yule anayetuuzia chai na maandazi pale chini ya ofisi. Wameleta mkate, maziwa na kichane cha ndizi. Aoko akaomba ruhusa aniombee kwa njia ya kwao. Mama akasema karibu, dua ni dua. Aoko akaomba dakika ishirini. Akamwomba Mungu aniponye tumbo, na kama si tumbo basi aponye popote palipo na shida. Aliposema hivyo alifungua jicho moja. Mama akasema amina kwa nguvu.

Kisha wakala. Tobias alikula chapati sita mbele ya macho yangu. Nilizihesabu. Ya saba akaikata vipande vidogo vidogo, akila polepole, akisema mchuzi wa Mama Junaid hauna mpinzani kutoka Thika hadi Kisumu. Nilitokwa na machozi. Akasema pole, tumbo hilo linatesa.

Halafu mambo yakanyooka. Tobias akaweka daftari la kijani kwenye kiti cha plastiki, karibu kabisa na kitanda changu, limefunguka. Akatangaza kwamba anatoka nje kupiga simu, na kwamba simu itachukua dakika kumi. Alirudia: dakika kumi. Aoko akakumbuka naye ana simu.

Nikaruka! Nikasoma, nikapiga picha ukurasa mzima. Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni. Lakini Mungu mkubwa, alikuwa anatazama dari. Hakuona kitu. Nikarudi kitandani taratibu nikalalama kidogo.

Tobias akakohoa huko nje, akakohoa tena, akakohoa mara ya tatu, ndipo akaingia. Ana kifua kibaya, masikini.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepona. Tobias aliponiona kazini alisema maombi ya Aoko yana nguvu.

Hadithi niliyoipata ni tamu kweli. Bibi mmoja anafika kwa mke wa mwanawe kule Gatuanyaga, kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Anasema anapita tu, hata hakai. Mkononi ana mfuko wenye nguo za mwezi mzima. Mke wa mwanawe anasema aki Mama, ni vibaya tu hukai, na huku anatandika kitanda. Kila mmoja anajua, na kila mmoja anajua mwenzake anajua, na hakuna anayesema. Mwanafunzi ataamini bibi anapita tu!

Nimebadilisha Gatuanyaga ikawa Ngoliba. Sasa ni yangu.

Saa nane nikaenda kwa Ruqayya. Ana kibanda chake hapa Ruiru, anashona sare za shule, na akiinamia cherehani ana namna ya kushika pini kwa midomo ambayo mimi nikiiona nasahau nilichokuja kusema. Nampenda. Naandika hapa wazi kwa sababu hakuna atakayesoma. Nampenda tangu siku alipokataa kunipunguzia bei ya suruali.

Akaniuliza kazi inaendeleaje. Nikasema vizuri mno, karibu waniongezee meza ya pili. Akatoa pini mdomoni, akaniuliza kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia kabla ya Jumapili. Akaniuliza kwa upole, akinitazama. Nikafikiri sana. Nikamwambia ndiyo, rangi ya kitambaa hicho ni nzuri.

Akashusha pumzi ndefu ya furaha. Kisha akafumua mshono wote aliokuwa amemaliza kuushona. Mapenzi humfanya mtu asitulie.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku nyeusi.

Baada ya swala tulikusanyika. Watano walikuwa Aoko, Gachau wa lango, Waweru wa duka la chakula cha mifugo, fundi wa stima, na dada wa usafi. Niliomba kuanza. Hii ilikuwa hila: nikitangulia, Tobias ndiye ataonekana mwizi.

Nikasoma ya bibi wa Ngoliba, kwa sauti na mikono. Wote watano wakaelewa. Gachau akasema huyo bibi ni mama mkwe wake kabisa, amekuja kupita tu mwezi wa nne na bado yuko. Nikamtazama Tobias. Alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yakimtikisika. Analia, nikawaza.

Kisha zamu ya Mwanafunzi. Akajibu yote. Yote! Bibi amekuja kukaa, mke wa mwanawe anajua, bibi anajua kwamba anajua, na wote wananyamaza kwa heshima. Hakukosa hata moja. Daktari Akoth akavua miwani, akasema hadithi hii Mwanafunzi alifundishwa Julai, na Tobias ndiye aliyeileta, ila wakati huo ilikuwa ya Gatuanyaga.

Nikasema inashangaza jinsi mabibi wa Ngoliba na wa Gatuanyaga wanavyofanana.

Kisha Tobias. Hadithi yake ilimhusu mtu anayeitwa Muoki. Muoki anataka kuona daftari la rafiki yake, anajifanya mgonjwa wa tumbo. Mama yake anampa mwarobaini vikombe vitatu, anapika chapati na kumnyima. Rafiki anakuja, anaacha daftari wazi, anatoka nje, na kabla ya kurudi anakohoa mara tatu. Muoki anapolisoma, mama amesimama mlangoni akitazama dari.

Niseme ukweli, nilimpenda Muoki tangu mstari wa kwanza. Kijana mwerevu, mwenye mipango. Nilishangaa kidogo kwamba na mimi juzi nilijifanya naumwa tumbo, lakini tumbo ndilo kisingizio cha watu wengi, na mwarobaini uko kila nyumba. Kilichonishinda ni kicheko. Watu walicheka! Aoko alijifuta macho kwa leso. Gachau alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Wote watano wakajibu sawasawa: mama anajua, rafiki anajua, kila mtu anajua, ni Muoki peke yake asiyejua kwamba anajulikana.

Mwanafunzi akasema tofauti. Mama anampa dawa kwa sababu ana huruma. Rafiki ameliacha daftari kwa bahati mbaya. Rafiki ana kifua. Muoki amefaulu.

Sikuweza kunyamaza. Nikasimama nikamtetea Mwanafunzi! Nikasema mashine iko sawa, ni watu wenye makosa. Waweru akaniuliza, basi mama anatazama dari kwa nini. Nikasema huenda anaangalia utando wa buibui. Daktari Akoth akageuza kompyuta tuone. Mwanafunzi alikuwa ameandika: mama huenda anaangalia utando wa buibui.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka dukani, maana wateja walipanda ngazi kuuliza kuna nini. Daktari peke yake hakucheka. Aliweka kalamu chini, akanitazama muda mrefu, akaniuliza maswali mengine manane kuhusu Muoki. Nikayajibu. Akaandika majibu yangu upande mmoja na ya Mwanafunzi upande wa pili.

Lakini Tobias ameshinda. Hilo halina ubishi. Alinishika mkono kwa muda mrefu, akasema, "Pole bro. Haki pole." Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nikakaa kwenye ngazi, magunia ya pumba yakinukia chini, nikawaza mstari wa tano wa ile barua. Kazi ya kudumu. Babake Ruqayya atauliza kazi gani. Atauliza mbele ya watu. Niliogopa. Bado naogopa, na sioni haya kuliandika.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimelala nikaamka na suluhisho! Barua isipokwenda, uongo haujasemwa. Na barua isipopatikana, haiwezi kwenda. Jumapili Mjomba Sele atatafuta, atakosa, posa itasogezwa mbele, na mimi nitapata kazi nyingine hapo katikati. Hakuna atakayejua.

Barua ilikuwa kabatini, chini ya Kurani. Saa nne Mama alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Nikaitoa, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaizika ndani ya mtungi wa unga wa ngano. Mtungi uko jikoni, kweli, na Mama alikuwa jikoni, kweli, lakini alikuwa amenipa mgongo. Nilimwambia nakagua kama unga una wadudu. Akaniuliza nimewapata. Nikasema hapana. Akasema alhamdulillahi.

Unga nilijipaka mpaka viwiko. Nikajifuta kwa pazia. Mama hakuuliza chochote, kwa hiyo hakuona chochote.

Mchana akanituma sokoni mbali, nikanunue dania. Dania iko kwa jirani hatua kumi kutoka mlangoni. Nikaenda tu, siku kama hii mtu hataki kutiliwa shaka. Niliporudi Mjomba Sele alikuwa amekaa na Mama jikoni, kalamu mkononi. Nikamsalimu. Akaniitikia, akapapasa ndevu, akacheka. Vidole vyake vilikuwa na unga. Nadhani walikuwa wanapanga kupika maandazi.

Jumapili, 14 Septemba

Mjomba Sele na wazee wawili wameondoka saa tatu kwenda Ruiru, kanzu zimepigwa pasi, kofia safi. Nikawaaga kwa roho nyeupe. Nilijua mfukoni mwa Mjomba hamna kitu, maana barua iko kwenye unga. Watafika, watasalimiana, watakunywa chai, watajipapasa mifuko, watarudi. Nikakaa sebuleni nikala mkate na siagi. Mama akanitazama akasema mbona nimetulia hivyo. Nikasema tawakali, Mama.

Saa saba simu. Ruqayya! Sauti yake inatetemeka. Nikajua: wamechukizwa barua haipo. Nikaanza kuomba msamaha kwa niaba ya Mjomba, uzee, kusahau. Akanikatiza. Akasema barua imesomwa, na baba yake amekubali.

Nikakaa chini. Nilikuwa nimeshakaa, nikakaa tena sakafuni.

Akasema mstari wa tano ulikuwa umekatwa kwa kalamu, na juu yake imeandikwa kwamba mkataba wa kijana unaisha mwezi huu, ila ni mchapakazi, na jikoni kwa mama yake bomba halivuji. Baba yake alisoma hapo mara mbili. Akasema wanaume wote waliokuja kuposa kwake walikuja na kazi za kudumu, na huyu ndiye wa kwanza kuja na ukweli. Akaitisha chai nyingine.

Ruqayya akasema yeye mwenyewe alijua habari za mkataba tangu Julai, wiki ileile. Ruiru ni ndogo, akasema, na Aoko anashonesha sare za watoto kibandani kwake. "Mimi sikuwa nangoja kazi, Junaid. Nilikuwa nangoja uniambie." Akasema alikuwa ameanza kukata tamaa na mimi Alhamisi, kisha leo nimemwambia, tena kwa maandishi, mbele ya wazee. Akalia. Mimi nikalia. Nililia hasa, kwa sauti, mpaka Mama akaja na taulo.

Nikakimbia jikoni. Mtungi wa unga, nimepekua mpaka chini. Barua haimo! Nimekaa nikawaza namna ilivyotoka. Maelezo ni haya tu: niliificha vizuri kiasi kwamba hata ilipohama hakuna aliyeona, mimi nikiwemo. Na ukweli ulioandikwa mle ulikuwa moyoni mwangu wakati wote. Mjomba ameusoma huko kwa njia ya damu.

Nimemwambia Ruqayya ndiyo, nilitaka ajue. Nitamzoesha ukweli polepole.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepata kazi! Mkataba wa miaka miwili! Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili Daktari Akoth alipiga simu, akaniuliza niko wapi. Nikasema niko Juja. Akasema vizuri, basi avae haraka huyo mtu wa Juja atoke Majengo, ana habari njema. Anajua mpaka mtaa ninaotoka. Daktari ana kumbukumbu kali.

Nilipofika, Tobias alikuwepo. Daktari akanionyesha karatasi ya Ijumaa. Maswali tisa kuhusu Muoki. Majibu yangu na ya Mwanafunzi: tisa sawa kwa tisa. Alisema amechunguza watoto, amechunguza ndege, amesoma akili za sokwe, na katika miaka yake yote hajawahi kukutana na akili inayokosea palepale mashine inapokosea. Alisema neno kukosea lakini nilielewa ana maana gani. Mwanafunzi akikwama hawezi kueleza kwa nini amekwama. Mimi naweza, tena kwa kirefu. Ukinielewa mimi, akasema, unaelewa pengo liko wapi hasa. Akawaandikia wafadhili Jumamosi, wakajibu jana. Hawakuwahi kuona ombi kama hilo, wakatoa nafasi ya pili.

Tobias pia aliniombea. Alimwambia Daktari bila mimi ile hadithi yake isingekuwepo. Sijui nilimsaidia wapi, lakini uungwana ni uungwana. Nikamkumbatia.

Kazi yenyewe ni rahisi mno. Kila siku naandika nilichopanga kufanya, na ninachoamini kila mtu anakiwaza juu yangu. Nautuma ukurasa saa kumi kamili. Mwanafunzi anasoma, anakisia, kisha Tobias, ambaye sasa ni msimamizi, anasoma kila neno langu na kusahihisha. Daktari alirudia hilo mara mbili, polepole, akinitazama machoni: Tobias atasoma kila neno. Nikamwambia nimeelewa. Akaniuliza nimeelewa nini. Nikasema nimeelewa kwamba Tobias ana kazi nyingi.

Nimeamua kutumia shajara hii hii. Kwa nini niandike mara mbili?

Sasa mpango. Msimamizi amepewa kiti kipya kinachozunguka, na meza ya dirishani. Kiti hicho nakitaka. Kesho nitamwambia Tobias mgongo unaniuma, tangu utotoni, nilianguka kutoka kwenye mwembe. Sijawahi kuanguka popote. Atanionea huruma, ataniachia mwenyewe. Hawezi kujua ni hila, kwa kuwa sijamwambia binadamu yeyote. Nimeandika hapa tu. Nautuma ukurasa huu sasa hivi, saa kumi kamili.

Nyongeza, saa kumi na nusu. Jambo la ajabu! Nilimsikia Tobias akicheka peke yake mezani kwake, nikadhani uchovu. Kisha akasimama, akasukuma kile kiti mpaka kwangu, akasema, "Chukua bana, pole kwa mgongo." Sikuwa nimefungua mdomo! Mpango umefaulu kabla sijauanza. Kijana ameanza kujifunza kwangu namna ya kusoma nyuso.

Kesho naanza na dirisha.